Kompyuta Isiyochomolewa

Asubuhi ile mke wangu alikunywa chai yangu, yake ikapoa mezani. Kawaida yake. Chumbani kompyuta ilikuwa ikivuma kama mgonjwa wa pumu. Soketi nzima nyumbani ilikuwa moja tu, nayo kompyuta imeishika, kwa hiyo shati langu lilikuwa limesahau pasi.

Mimi ni fundi viatu, shule niliipita kwa nje. Yeye kwa kompyuta hiyo alikuwa akikokotoa hewa inafanya nini ikipigwa umeme kwa mapigo mafupi mafupi, kama radi ndogo.

"Oksijeni huishi wawili wawili," aliwahi kunieleza. "Ukiwapiga shoti wanaachana. Mmoja anakwenda kujibanza kwenye ndoa ya wenzake, wanakuwa watatu. Hiyo ndiyo ozoni."

"Na naitrojeni?"

"Hao kuachana kwao kazi. Kama sisi."

Kazini kwake walikuwa na mtambo wa ozoni ya kusafishia maji. Hesabu yake ilisema ozoni nyingi, mtambo ukatoa kiduchu. Bosi akamwambia apunguze tarakimu, zilingane. Akakataa, akarudi nyumbani amenuna. Kisha akagundua mwenyewe: kompyuta alikuwa ameipa hewa kavu, maana hiyo huhesabika upesi. Mtambo ulivuta hewa ya ukumbini, yenye unyevu, na mvuke ukipigwa shoti huzaa vijipande vinavyokula ozoni. Akaanza upya, hesabu ya siku kadhaa mfululizo.

"Ikizimwa katikati, yote bure," alinionya.

Mchana wa siku ile ya chai moyo wake ulisimama, kwenye ngazi za kazini. Mtu wa haraka, hata kwa hilo.

Tulipotoka kuzika, shemeji yangu, mdogo wake, akaingia chumbani na birika la umeme.

"Shemeji, chomoa hiyo, watu wapate chai."

"Haichomolewi."

"Ya nini sasa? Mwenyewe tumemzika."

"Bado inamhesabia."

"Umechanganyikiwa wewe."

"Mkaa upo jikoni."

Akanisonya, akaenda. Nikaweka kiti mbele ya soketi, nikakaa. Watu wakadhani ni majonzi. Yalikuwemo.

Siku hesabu ilipokwisha na feni ya kompyuta ikanyamaza, nilimwita bosi wake. Akaja na vipimo vya mtambo, akavilinganisha na tarakimu za kioo cha kompyuta, akavua miwani.

"Zimelingana," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo: "Mzee, aliacha neno lolote kuhusu kazi hii?"

Aliacha. Nikamwambia kama lilivyotoka asubuhi ile, mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi:

"Leo bosi namwambia, hewa ina maji, adabu haina."