Kibano cha Agustina

Ringwani nzima ilijua: ukisumbuliwa na vikope, nenda kwa Agustina. Kope za mtu zikigeukia ndani zikawa zinakwaruza jicho, yeye alimlaza kichwa mapajani, akapaka majivu kwenye kibano chake cha chuma ili kisiteleze, akazing'oa na mizizi yake. Miaka arobaini alifanya kazi hiyo. Wanaosema alikuwa mkaidi hawajawahi kulala mapajani pale.

Ila jicho lake mwenyewe angelishika nani? La kushoto lilishakufa, jeupe kama maziwa. La kulia lilichuruzika machozi kutwa, na mkono wake mwenyewe haukuweza kulifikia vizuri.

Mwaka huo wakaja wageni zahanati, siku tatu za kupasua kope. Siku ya kwanza hawakupata mtu. Mchana Ester, nesi wa zahanati, mtoto wa mdogo wake Agustina, akamfuata nyumbani pamoja na mgeni mmoja wa kike.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Nasikia mna benchi tupu."

"Watu wanasema hawaji mpaka wewe useme."

"Mimi nimewafunga kamba?"

"Mama, huu ni ushirikiano. Jumuiya ya Madola, zile nchi zilizotawaliwa na Mwingereza, zinasaidiana."

"Mwingereza alimpeleka baba mkubwa vitani, hakumrudisha. Leo anataka kope zangu?"

"Hawa si Waingereza. Daktari ni Mhindi. Huyu ni Chisomo, nesi wa Malawi."

"Na Mwingereza mwenyewe yuko wapi?"

"Ametoa dawa ya ganzi."

"Haya. Angalau."

Chisomo hakujua Kiswahili. Alikaa chini, akachukua kibano, akakinusa, akasema maneno kwa Kiingereza.

"Anasema haya ni majivu," Ester akatafsiri. "Bibi yake huko kwao aling'oa kope za watu hivihivi."

"Muulize, huyo bibi anaonaje sasa?"

"Alikufa kipofu. Hakuwa na wa kumng'oa ila huyu, naye alikuwa mtoto, mkono unatetemeka. Kope zilikatika, zikaota tena kama miiba."

Agustina alimwangalia yule mgeni mikono, siyo uso. Kisha akachukua kibano chake, akaingia ndani bila kuaga.

Kesho yake asubuhi alitangulia njiani, watu kumi na tisa nyuma yake. Daktari akataka aanze yeye, maana alibakiwa na jicho moja.

"Wangu kwanza," akasema.

Wakambembeleza, wapi! Alikaa kwenye benchi siku hiyo, akakaa na ya tatu. Saa kumi jioni vyombo vilikuwa vinapakiwa kwenye gari, daktari ameshavua glavu, na Ester anafuta machozi: ganzi imekwisha. Chisomo akaingiza mkono mfukoni, akatoa kichupa kimoja alichokitenga tangu asubuhi. Daktari akavaa glavu nyingine.

"Mama mkubwa, achia kibano. Mikono iwe mitupu."

"Kishike wewe. Usimwazime mtu."

Jicho lilipona. Sasa anawaona mbuzi wake hata wakiwa kilimani. Watu bado wanamwendea, anawageuza kope, anaangalia, anasema, "Nenda kwa Ester." Kibano kinang'oa miiba tu. Na mwenye mwiba anakuja nao mguuni hadi mlangoni kwake, kwa sababu hakiazimwi.