Kofia Nyeusi ya Soedol

Soedol alikuwa askari wa ulinzi wa mfalme kule Gaegyeong, mji mkuu, na kazi yake hasa ilikuwa kusimama. Mfalme akinywa pombe kando ya bwawa, Soedol alisimama. Mfalme akihamia banda jingine kwa kuwa mandhari ya lile la kwanza imemchosha, Soedol alikimbia nyuma ya farasi, kisha akasimama tena. Mikoani watu walikuwa wanakula magome ya misonobari, lakini mfalme alikuwa na shida kubwa zaidi: alikuwa hajapata neno zuri la kuelezea ukungu. Wasomi wake walimsaidia kulitafuta kwa nyama ya kware na pombe ya mchele. Askari walimeza mate.

Maishani mwake Soedol alitamani kitu kimoja tu, kofia nyeusi ya maofisa wa kalamu, ile yenye mabawa mawili magumu. Aliyeivaa alikaa. Tena alikula.

Aliipata kwa sababu ya jipu. Mashairi yalisomwa kwa Kichina, na Soedol hakujua Kichina hata cha kuombea maji. Siku moja kiatu kilimbana kidole chenye jipu, akaguna "Aaah!" pale pale mfalme alipomaliza ubeti.

"Nani huyo?" mfalme aliuliza.

Im Gyeom, msomi mzee mwenye moyo mwema kuliko wenzake, akamwahi. "Mtukufu, hata askari wako unawaliza."

Jua halijazama, Soedol alikuwa na kofia na cheo: Mwopoaji wa Vikombe. Wakubwa walikuwa na desturi ya kuachia vikombe vya pombe vielee kijitoni. Kikikufikia, utunge ubeti au unywe adhabu. Vilivyonasa kwenye majani, Soedol aliingia majini kuvinasua.

"Kwa hiyo mume wangu sasa ni bata," alisema mkewe, Bunyeo.

"Bata mwenye cheo, mama."

Hata hivyo siku ile Bunyeo alienda kisimani mara nyingi kuliko maji yaliyohitajika, ili majirani wapate kumuuliza.

Rafiki yake Dochi, askari aliyelala naye blanketi moja miaka yote ya baridi, hakucheka. Siku hiyo msomi mmoja kijana alikuwa amemzaba kofi jenerali mzee kwa kushindwa mieleka, na mfalme akavunjika mbavu kwa kicheko. Dochi alimvuta Soedol pembeni.

"Kesho tukimsindikiza mfalme hekaluni, vua hilo dude. Na uache bega la kulia wazi."

"Nipate mafua?"

"Soedol, sikutanii, ndugu yangu."

"Kijicho hicho, Dochi. Sema tu inakuuma."

Dochi akaenda zake. Soedol alibaki amevimba kichwa, hajui kwamba amevikwa kilemba cha ukoka.

Kesho yake jioni, mfalme akiwa ndani anapumzika na ukungu wake, Soedol aliwaona askari wakiingia lango la hekalu. Wote vichwa wazi. Wote mabega ya kulia wazi. Panga mkononi. Akaelewa maneno ya Dochi. Akaanza kuhangaika na fundo la kofia, akamgeukia Im Gyeom aliyesimama ubavuni mwake.

"Mzee, vua kofia! Vua upesi!"

"Kichwa wazi, mlangoni kwa mfalme? Wewe umelelewa na nani?" Mzee akanyoosha mikono kumkazia Soedol fundo la kofia.

"Mzee wangu, watakuua!"

"Basi wanikute na adabu zangu."

Soedol akamsukuma, akaing'oa kofia na kuitupa kwenye bwawa la hekalu, akararua nguo begani. Mzee alikuwa bado anayanyoosha mabawa ya kofia yake upanga ulipomfikia.

Mfalme hawakumuua. Walimpandisha farasi kumpeleka kisiwani. Aliuliza kama huko kuna bustani.

Asubuhi askari walizunguka rundo la kofia uani, wakizijaribu na kunyang'anyana kama akina mama gulioni. Dochi, aliyekwisha kuwa mkubwa wa kikosi, alichomoa moja yenye bawa lililoshonwa upya kwa uzi wa kahawia. Soedol aliitambua. Mzee Im Gyeom alikuwa na kofia hiyo hiyo moja.

Dochi akaivaa, akageuza kichwa huku na huku. "Vipi, imenikaa?"

Ukingoni damu ilikuwa haijakauka. Soedol alitaka kulia. Alitaka kusema kwamba mwenye kofia hiyo ndiye aliyemtetea alipokuwa si kitu. Akautazama mkono wa Dochi, uliotulia juu ya mpini wa upanga.

"Imekukaa, mheshimiwa," alisema.

Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Dochi hakumkataza.