Uzi Aliousokota Mama Mukubwa

Mama mukubwa, dada ya mama yangu, alifika nyumbani kwetu Butembo akitoka Eringeti na vikwembe viwili tu vya kujifunga. Walikuwa wamekimbia vita pamoja na binti yake wa mwisho, lakini watu walipotawanyika njiani wakapoteana. Kila asubuhi alikwenda kwenye parkingi ya magari ya Beni kuuliza madereva. Akirudi hakukaa. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, akahamisha viti, akasimama mlangoni.

Mimi nilikuwa nafuma puluvere za wanafunzi kwa mashine ya mkono. Masomo yalikaribia kuanza, na uzi mpya ulikuwa umekwama mpakani, Kasindi. Nikanunua sweta kuukuu sokoni, nikazifumua. Uzi wake ulinitesa: ulikatika kila mara, na manyoya yakaniingia puani. Siku moja nikaipiga mashine ngumi.

"Lakini, unapiga chuma?" mama mukubwa akauliza.

Akachukua kipande cha uzi, akakifungua kwa kucha. Ndani mlikuwa na vinywele vifupi kama kope.

"Hii hapana mubaya," akasema. "Manyoya yake ni mafupi. Kitu kifupi kinashikana sababu ya kusokotwa tu. Sasa imelegea."

Alikuwa amesokota kamba za kufungia mbuzi tangu utoto. Kwa mara ya kwanza akakaa. Akalowesha kiganja, akaviringisha nyuzi mbili pajani, kisha akaziacha zijizungushe pamoja. Nikavuta. Haukukatika.

Tangu siku hiyo alisokota mpaka paja likawa jekundu. Nikamwomba apumzike.

"Nikipumzika, naona ile njia," akajibu.

Sikumwambia tena. Mimi mwenyewe, kila simu ilipolia, niliangusha sindano.

Habari ililetwa na dereva mmoja aliyekuwa amechoka kuulizwa: mama mmoja Muislamu, muuza vitambaa wa Beni, alikuwa amepokea msichana wa Eringeti. Tukapanda gari siku ileile. Tulimkuta binti uwanjani akiosha masahani. Mama yake hakulia. Alimshika kichwa, mikono, vidole, kimoja kimoja.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

Akamvalisha puluvere aliyomletea. Beni kulikuwa na jua kali, jasho likamtiririka usoni, lakini binti hakuivua.

Mama mukubwa alipotaka kupiga magoti kushukuru, mwenye nyumba akamwinua. "Hapana, dada. Alikuwa analala na batoto yangu."

Eringeti hawakurudi. Binti alikataa, wakagombana juma zima, mwishowe wakapanga chumba hapo Beni, na mama mukubwa sasa anauza mihogo. Kila asubuhi ananipigia simu.

"Mumeamuka wote?"

Kabla sijamaliza kujibu, amekwisha kukata.