Kilo Kumi na Moja za Shingo Yangu

Shingo yangu iliongeza nguvu karibu mara tatu kwa siku sita. Bila sindano, bila maombi.

Mimi nauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Kondele, beseni kichwani. Mwezi wa pili pikipiki ya boda iliniangusha nikitoka Sondu, shingo ikakataa mzigo. Hata kuamka kitandani, lazima nishike kichwa kwa mikono miwili kama cha mtoto mchanga.

Wifi yangu Caren akasema najifanya.

"Mdomo unafanya kazi sawa sawa. Shingo tu ndiyo mgonjwa?"

Nilitaka kitu kimoja tu: bwanangu Ogola aniamini, asinirudishe kwa beseni kabla sijapona.

Hospitalini Lorine, daktari wa viungo, akanipima. Alinikalisha kwa kiti kirefu, miguu ikining'inia, akanifunga mkanda kifuani. Akaniwekea kimashine kidogo cha kupima nguvu kwa paji la uso.

"Sukuma na shingo peke yake."

Mara tatu. Nne, nne, nne na nusu.

"Kilo nne, mama. Usibebe kitu."

Safari ya pili, siku sita baadaye, Lorine alikuwa likizo, nikampata mwenzake Tom. Na mimi siendagi mahali peke yangu. Nilikuwa na majirani watatu, na Caren.

Tom hakufunga mkanda. Kiti kilikuwa kifupi, miguu yangu imekanyaga sakafu.

"Sukuma, mama."

Caren akacheka. "Huyu atasukuma nini? Labda udaku."

Wueh. Nilikaza magoti, nikakaza mgongo, nikasukuma kama ng'ombe anavunja boma. Majirani wakapiga vigelegele.

Kumi na moja.

Tom akaandika hivyo hivyo. Mimi nikapiga picha ya karatasi, nikaweka status ya WhatsApp: "Caren, ona shingo." Habari ikafika mtaani Obunga kabla sijafika nyumbani.

Asubuhi Ogola akanitwika beseni na mikono yake mwenyewe.

"Kumi na moja, Mama Aloo. Twende kazi."

Ningesema nini? Kwamba nilisukuma na miguu? Caren alikuwa amesimama mlangoni. Nikabeba.

Siku ya nne mkono wa kushoto ukafa ganzi.

Lorine aliporudi akanipima tena. Kiti kile kile, mkanda ule ule, mara tatu. Mbili, mbili, mbili.

"Nani alikupima hapa katikati?"

Nikamweleza.

"Ile kumi na moja haikuwa ya shingo, mama. Ilikuwa ya mgongo, miguu na hasira."

Nikampelekea Ogola karatasi mpya. Nikamwambia yote, hata ile aibu yenyewe. Akasoma polepole, akanirudishia.

"Kwa hiyo unajua kuongeza."

"Ndiyo, Baba Aloo. Nilikosea, ndiyo maana nakwambia."

"Basi hata kupunguza unajua."

Leo huo mkono haushiki hata kikombe cha chai. Caren bado anasema naigiza, na watu wanamwamini, kwa sababu picha ya ile kumi na moja niliiweka mimi mwenyewe.

Ukienda kupimwa, enda peke yako, na ukubali kuonekana dhaifu. Watu ukishawapa uongo wanaoupenda, ukweli wako utaupeleka wapi?