Sarafu ya Kumi na Tano ya Delmar

Simpendi Delmar Stauffer, na sikuanza jana. Alimwoa dada yangu Verna miaka thelathini na moja iliyopita, akafanya ufundi bomba shuleni hapa Pennsylvania mpaka akastaafu, na muda wote huo roho yake ilikuwa kwenye sarafu za dhahabu za dola mbili na nusu. Seti nzima ni kumi na tano tu. Kila moja lazima iwe ndani ya kikasha cha plastiki kilichofungwa na kampuni ya wapimaji, na namba ya ubora juu yake. Za Delmar zilikuwa kumi na nne, zote za namba sitini na tatu kati ya sabini. Iliyobaki ilikuwa ya mwaka 1911, iliyopigwa chapa kiwandani Denver, na bei yake ni ya kumtoa mtu roho.

Nyumba yao inaendeshwa kwa bahasha zinazokaa kwenye kopo la kahawa: Chakula, Gari, Kanisa, Tanuru, Dhahabu. Sheria aliitunga Delmar mwenyewe, kwamba pesa hazihami bahasha. Verna alipotaka miwani mipya aliambiwa asubiri. Nilikuwepo siku hiyo, na nilitamani kumpiga Delmar kwa lile kopo.

Tanuru la kupashia nyumba joto lilikufa Novemba. Bahasha yake ilikuwa imeshiba, miaka minne ya kula maharage ya kopo. Jumamosi moja nikaenda kuwatembelea, nikamkuta dada jikoni amevaa koti, anakohoa kifua kizima.

"Fundi wa tanuru anakuja lini?" nikauliza.

"Muulize shemeji yako."

Shemeji yangu alikuwa mezani na koleo, anatabasamu. Mbele yake kikasha kipya: 1911, Denver. Namba yake sitini na mbili.

"Umeinunua kwa pesa gani, Delmar?"

"Nimeazima kidogo kwenye Tanuru."

"Kidogo?"

"Yote. Lakini sikiliza, shemeji. Ya sitini na tatu singeiweza hata nikiuza gari. Hii wapimaji wameipunja. Nakivunja kikasha, naituma upya bila namba, wataipa haki yake."

"Na wakiipa sitini na moja?"

"Wewe unajua nini kuhusu sarafu?"

Pale kwenye chama chao cha wakusanya sarafu, kinachokutana Jumanne, kila mzee anaamini jicho lake linawashinda wapimaji. Wanavunja, wanatuma, wanalipa, wanavunja tena. Sijawahi kuona watu wazima wakijiibia kwa furaha namna ile.

"Delmar," Verna akasema, "mimi naumwa."

"Vaa soksi mbili, mpenzi. Ni mpaka Machi tu, baridi itaisha."

Mpaka Machi! Yeye akabana koleo, plastiki ikapasuka, akaitoa sarafu kwa kushika ukingo wake na kuilaza juu ya karatasi laini. "Mtu asiiguse," akasema. "Hata kuipumulia." Akaenda posta kununua boksi la kuisafirishia.

Verna alitazama gari mpaka likapotea. Kisha akafungua kabati, akatoa magadi ya kuokea mikate, akalowesha sifongo.

"Dada," nikasema, "unajua sarafu ikisuguliwa..."

"Nimehubiriwa miaka thelathini na moja. Ikisuguliwa wapimaji hawaipi namba tena. Milele."

Ningeweza kumzuia. Nilichukua kitambaa cha vyombo nikasimama karibu na sinki. Alisugua uso wa sarafu, akaigeuza, akasugua mgongo, kwa utulivu wa mtu anayeosha sufuria. Kisha akanipa, nikaikausha vizuri mimi mwenyewe.

Delmar alirudi na boksi kwapani. Sarafu ilikuwa juu ya karatasi yake, inang'aa kama kitasa kipya cha mlango. Rangi yote ilimtoka usoni. Aliiinua hadi dirishani, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Umefanya nini?" hatimaye akanong'ona. "Verna, umefanya nini? Haiwezi kuingia kwenye seti. Haiwezi kuingia kamwe!"

Verna alikohoa kwanza, akafunga kifungo cha juu cha koti.

"Itie kwenye tanuru," akasema. "Pesa zake ndizo zilizotoka humo."