Mguu wa Babu Kwenye Kona ya Picha

Nakumbuka asubuhi ile Pemba, hii yetu ya Msumbiji, mwanangu: nimebeba kapu la samaki nalipeleka jikoni kwenye hoteli, napita ukumbini, nikamkuta bibi yangu ukutani. Mkubwa kuliko mlango. Shavu la kulia jeupe pe kwa msiro, ule urembo wetu wa kijiti, la kushoto halina kitu, mdomo wazi. Kapu likanitoka, changu wakatapakaa sakafuni.

Msichana wa mapokezi akaja mbio, ananiita mjomba kwa Kireno. "Tio, samaki wako!"

"Waache. Hapo chini pameandikwaje?"

Akanisomea, maana Kireno changu ni cha sokoni. Mjane wa vita. Jina halijulikani. Amepaka nusu ya uso kwa maombolezo. Picha imepigwa na Anselmo Baltazar.

"Halijulikani na nani?" nikamwuliza.

Picha ile niliipiga mimi. Kaa nikueleze.

Ujanani, huko Palma, nilikuwa na ugonjwa wa kamera. Wenzangu walipenda mpira. Mimi mjomba wangu, mfanyabiashara wa Mtwara, aliniletea kamera ndogo ya filamu, basi Ijumaa baada ya swala ukinitafuta hunipati. Nilipiga mnara wa taa kule rasini, mashimo ya chumvi, milango ya watu, baiskeli zilizobeba mikeka mpaka mwendeshaji haonekani. Filamu ikijaa inavuka Ruvuma na mjomba, inarudi picha. Hakuna aliyenituma. Nilijaza albamu nzima, na jicho nilikuwa nalo, sikufichi.

Siku ya picha hii bibi yangu, Mwanaisha binti Saidi, alikuwa uani anasugua kijiti cha msiro juu ya jiwe na maji kidogo, anajipaka uso ung'ae, maana jioni dada yangu anaolewa. Shavu moja lilikuwa tayari. Nikaita ghafla, "Bibi!" Akageuka. Nikabonyeza.

"We mume wangu mchanga, huna adabu!" Alifoka huku anacheka, ndivyo bibi na mjukuu wanavyotaniana kwetu. "Hukungoja nimalize? Watu watasema nimeoga nusu!"

Babu alikuwa amejinyoosha kitandani palepale uani. Akadakia: "Mwache hivyo hivyo. Huo upande wa pili ni wangu mimi."

Picha iliporudi, bibi aliitazama sana, kisha akaigeuza.

"Huku nyuma mbona peupe?"

"Huko hakuna kitu, bibi."

"Andika jina langu."

"Nani hapa Palma asiyekujua wewe?"

"Wanaonijua watakwisha, mume wangu. Kisichoandikwa jina, mwokotaji ndiye hukipa jina."

Nikacheka. Na kweli yenyewe, mwanangu, nakupa leo: niliacha shule darasa la tatu, mwandiko wangu unatambaa kama kaa, nikaona haya kuuweka kwenye kitu kizuri namna ile. Nikaacha peupe.

Bibi na babu walikufa kwa uzee, kitandani mwao, kabla ya vita. Mungu awarehemu. Vita ilipoingia Palma nyumba yetu iliungua. Watu walikimbia na magodoro, mimi nilikimbia na albamu, nimeifunga plastiki tumboni. Sijutii hata leo. Tulipofika Pemba ndipo akaja huyu Anselmo Baltazar, kamera shingoni, anazunguka mwambao anapiga picha kwa kujifurahisha tu, kama mimi zamani. Nikampenda. Akasema, "Niazime siku mbili, nitoe nakala, zisije zikapotea." Nikampa. Siku mbili zile hazijaisha mpaka leo.

Baada ya kuiona ya hotelini nikampigia simu. Akasema albamu ilipotea safarini, na ile ya ukutani ni yake. "Ushahidi wako uko wapi, mzee? Nyuma kuna jina lako?" Wanasema majuto ni mjukuu. Basi mjukuu ndiye mimi.

Nikarudi hotelini, nikasimama mbele ya bibi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Anselmo alimkuza vizuri. Tena alikuza mpaka kona ya chini, na pale konani, juu ya kamba za kitanda, umelala mguu wa mtu usio na kidole gumba. Kidole kile babu alikikata kwa shoka akipasua kuni. Palma nzima inaujua mguu ule.

Nikamwita msichana. "Mwanangu, huyu ni mjane wa nani? Mume wake si huyo hapo amejinyoosha? Na mume wa pili ndiye aliyeshika kamera!"

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akaniletea kalamu na karatasi. "Andika, tio."

Nikaandika kwa mwandiko wangu wa kaa: Mwanaisha binti Saidi wa Palma. Anajipaka msiro kwenda harusini. Mguu ni wa mumewe, Abdala. Picha imepigwa na mjukuu wao, Yusufu. Tukabandika chini ya fremu. Meneja ameibandua mara mbili. Mimi nimeibandika mara tatu.

Mwanangu, simu yako imejaa picha: shangazi zako, viatu vyako, pwani, sahani ya wali. Endelea kupiga, ni kazi ya kujivunia. Lakini kila uso uupe jina lake, na mahali, na alikuwa anafanya nini, hata kama mwandiko unakuaibisha. Mwandiko mbaya unasomeka, peupe hapasomeki. Wala usimkabidhi mtu albamu yako kwa kuwa tu anapenda unachokipenda.

Mungu akupe jicho la kuona wazee wako wangali wanacheka, na mkono usioona haya kuwaandika. Amina.

Na wewe Anselmo Baltazar, uliyemfisha babu yangu naye amelala konani mwa picha: albamu yangu iko wapi? Nyuso zilizobaki mle umezipa majina gani? Nijibu.