Kipanya Chini ya Mguu wa Baba

Baba anapiga kinanda kanisani kwetu Moshono. Macho yake yamepungua nguvu, kwa hiyo nilimhamishia nota zote kwenye kompyuta kwa maandishi makubwa, na wimbo mmoja ukawa kurasa sita. Aliyekuwa akimgeuzia kurasa ni mama, na mama tulimzika mwaka jana. Kila mwanakwaya aliyejitolea kusimama pale, baba alimkuta na kasoro. Mwishowe akasema anaacha kinanda.

Iliniuma. Nikaapa kumtengenezea pedali ya USB ya kugeuzia kurasa, ingawa programu za USB nilizijua kwa kuzisikia tu. Nikaenda Kaloleni kwa mzee mmoja wa Kihindi anayeuza spea za kompyuta, nikamwonyesha kwenye simu picha ya bodi ya kompyuta niliyoitaka: ina kamera, ina kioo, inaingia intaneti.

"Shikamoo mzee. Hii unayo?"

"Marahaba. Unataka ikufanyie nini?"

"Igeuze ukurasa."

Akainamia boksi lake la makorokoro, akatoa kipanya kikuukuu cha waya. "Anza na hiki, binti. Kina vitufe viwili tu. Vikikushinda hivi, ile utaiweza?"

Nilinuna. Nina diploma, ati. Lakini vitufe viwili vilinilia wiki mbili. Wiki ya kwanza nzima kipanya kilikuwa kinaniletea namba kwenye kompyuta, nami sijui ipi ni kubonyeza na ipi ni kuachia. Nilipoelewa, nikang'oa kitufe kimoja, nikaunga swichi ya kengele ya mlango mahali pake, nikaiweka chini ya mguu wa baba siku ya mazoezi.

Nilichosahau, mimi niliyekulia benchi la nyuma yake, ni kwamba baba akipiga kinanda hupiga na mguu sakafuni. Kila mdundo ukageuza ukurasa. Ubeti wa kwanza haujaisha, sisi tuko kwenye nyimbo za mazishi. Waimbaji wa sauti ya kwanza walicheka mpaka wakakaa chini.

Nikairekebisha programu: mguu usipotulia juu ya swichi kwa sekunde nzima, ukurasa haugeuki. Baba akajaribu tena. Alipofika mwisho wa ukurasa, akatuliza mguu, akaishikilia sauti ya mwisho, akangoja.

"Inachelewa kidogo, baba," nikamwambia. "Nitaipunguza ile sekunde."

"Usiiguse," akasema, macho kwenye kioo cha kompyuta. "Mama yako naye alikuwa anachelewa hivyo hivyo."

Sijaigusa mpaka leo.